Mabati ya Bahiat

Mume wangu Sounhadj hajui kugombana. Mie najua kwa niaba yetu sote wawili, ndiyo maana nyumba yetu ya Moroni ina amani. Yeye alikuwa karani wa mahakama, kazi yake kuandika waliyosema wengine. Jaji akifoka, anaandika. Mshitakiwa akilia, anaandika. Halafu Mongozi, mkuu wa Mapinduzi, na vijana wake wakasema nchi mpya haina haja na makarani, makaratasi yote ya serikali yakatolewa nje yakachomwa moto, na mume wangu akarudi nyumbani mchana kweupe, kalamu bado iko mfukoni.

Basi akawa ananifuata jikoni. Mie nauza vitumbua. Kila asubuhi anavaa koti lake, anafunga vifungo vyote, anakaa kwenye kigoda ananitazama, halafu ananambia kwa ile sauti yake ya taratibu kwamba kile cha kushoto kimeshaiva. Kana kwamba mie sina macho. Nampenda mtu yule, wallahi, lakini asubuhi nyingine nilimwomba Mungu ampatie kazi yoyote ile, mradi iwe mbali na kikaango changu.

Mungu akanisikia vibaya. Alikuja mtu wa meli ya mizigo, katoka Mutsamudu, kisiwa cha pili, hakutaka hata kukaa. Akasema, "Dada Koultoumi, mama yako mkubwa Rahamatou anakusalimu. Wamemkamata Bahiat. Kamvunja mtulinga kijana wa kamati ya Mapinduzi."

Hapo lazima nikueleze. Mamangu alizaliwa Mutsamudu, akaolewa Unguja, na mie nikazaliwa huko. Kiswahili hiki nakusimulia ndicho nilichonyonya. Tulirudi huku kwetu baada ya mapinduzi ya Unguja. Mama Rahamatou ni dada wa mamangu, na Bahiat ni mjukuu wake, mtoto wa marehemu binti yake, kwa hiyo kwangu ni mwana. Baba yake, Saïndou, alikuwa kuli bandarini Majunga, ng'ambo ya bahari. Mwisho wa mwaka uliotangulia watu wetu waliuawa kule Majunga, na Saïndou alikuwa miongoni mwao. Bahiat alikuwa amebaki na bibi yake tu, kikongwe wa watu, na umri wake ulikuwa kama miaka kumi na minne, ingawa kwa urefu ungempa ishirini.

"Atahitaji mtetezi," akasema Sounhadj.

"Mtetezi yupi? Mawakili wote wamekimbia."

"Mimi."

Nilicheka mpaka nikaunguza vitumbua. Nikamwambia, "Weye? Weye muuza samaki akikupunja unamwambia ahsante. Utamtetea nani?" Alikwenda kupiga pasi shati lake jeupe, na nilipoona anapiga mpaka upande wa ndani wa kola, nikajua tumeshaondoka.

Ndani ya meli alitapika njia nzima. Kila akipumua anasema maneno ya utetezi wake kwa Kifaransa, halafu anatapika tena. Nilimshika kichwa nikimtukana polepole, maana nilikuwa na hofu na sikutaka aijue. Mtu wa meli alikuwa ametuambia kuwa gereza la watoto halipo tena. Bahiat akihukumiwa, atapelekwa gereza la wakubwa, pamoja na wanawake waliofungwa kwa tuhuma za uchawi na walinzi wanaume wenye bunduki mlangoni. Mtoto wa kike, miaka kumi na minne. Hilo ndilo lililokuwa linanichoma, wala si kitu kingine.

Mama Rahamatou alitupokea mtaa wa Hombo, nyumbani kwake. Pembeni ya nyumba ile kuna nyingine ambayo haijakwisha: kuta za mawe, milango mitupu, na ndani majani yamemea mpaka kiunoni. Ile ni ya Bahiat. Huku kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mtoto wa kike akizaliwa, baba yake anaanza kumjengea, mwaka huu msingi, mwaka ule ukuta, hivyo hivyo kidogo kidogo, na siku ya kuolewa mume ndiye anayehamia kwake. Kabla ya kufa, Saïndou alileta mabati ya kuezekea. Aliyanunua Majunga kwa jasho lake, akayapakia melini mwenyewe, akaja nayo likizo, akayapanga ukutani kwa mama Rahamatou, akarudi kazini. Hatukumwona tena.

"Sasa wanajenga mudiria, njia ya kwenda Patsy," mama Rahamatou akatuambia. "Hiyo nyumba yao ya serikali, yenye ofisi na skuli na posta vyote humo. Kuta zimekwisha, mabati hawana. Wakaja vijana wa kamati wakasema haya yanalala bure, Mapinduzi yanayahitaji. Mimi nikasema chukueni, mie ni mzee. Mtoto akatoka jikoni na mchi wa kinu."

Walimfungia kwenye stoo ya skuli, maana mahakama yenyewe ilikuwa skuli. Tulimkuta amekaa juu ya rundo la madawati mabovu, miguu mirefu, magoti yamefika kidevuni. Nilitaka kumkumbatia akanipa mkono, kama mtu mkubwa anayepokea wageni.

Sounhadj akachuchumaa mbele yake. "Bahiat mwanangu, nitawaambia wewe ni mtoto. Sheria haimfungi mtoto pamoja na wakubwa."

"Mimi si mtoto," akasema. "Nilimpiga makusudi. Uwaambie hivyo."

"Sitawaambia hivyo."

"Basi nitasema mwenyewe."

Nikamwambia mume wangu tulipotoka kwamba yule ni damu yetu, hana haja ya kutafutiwa cheti.

Cheti ndicho kilichokuwa hakipo. Cha kuzaliwa kilichomwa pamoja na makaratasi mengine yote. Mama yake kafa, baba kafa, na neno la bibi yake kamati haikulitaka, kwa sababu kila bibi alikuwa ameanza kuapa kuwa mjukuu wake ni mdogo.

Asubuhi yake tukaingia darasani. Nyuma ya meza ya mwalimu wamekaa mahakimu watatu, wasichana kwa wavulana, na mkubwa wao alikuwa Mouridi, kijana wa miaka kumi na saba ambaye mwaka uliopita alikuwa mwanafunzi wa darasa lile lile. Mshitaki alikuwa Kamardine, huyo huyo aliyevunjwa mtulinga, mkono umefungwa kwa kitambaa shingoni. Siku hizo mambo yalikuwa hivyo. Bahiat walimkalisha dawati la mbele. Mama Rahamatou aliingia amejitanda shiromani lake, nguo yao ya heshima wanawake wa Mutsamudu, na msichana mmoja akamwambia Mapinduzi hayataki tena kujifunika. Mama mkubwa, ambaye anasikia hata panya akipita darini, akaweka mkono sikioni akauliza, "Unasemaje, mwanangu?" Akaambiwa mara tatu. Mwisho wakamwacha.

Kamardine akasimama. "Nilipomwambia tumekuja kuchukua mabati, alinambia: hii nyumba yangu, haya mabati yangu. Watu wote walisikia. Mwenye nyumba ni mtu mzima. Mtu mzima akimvunja mjumbe wa kamati, afungwe."

Ikawa zamu ya Sounhadj. Maskini ya Mungu. Alifunga kifungo cha koti, akaanza kwa Kishingazidja chake cha Ikoni, lugha ya kisiwa chetu, vijana wa nyuma wakachekelea lafudhi. Akaeleza sheria ya zamani. Mouridi akamwambia sheria hiyo imechomwa. Akasema ndiyo, lakini imo kichwani mwake. Kisha akasema lile neno. Alisema mtoto wa umri ule akili yake haijakomaa, hawezi kupima jema na baya, hivyo asihukumiwe kama mkubwa.

Mouridi akaegemea mbele. "Mzee, mimi nina miaka kumi na saba. Huyu mwenzangu hapa ana kumi na tano. Mapinduzi yametupa kura, na tumepiga. Unatuambia akili zetu hazijakomaa?"

Mume wangu, ambaye hajawahi kusema uongo hata wa adabu, akafikiri. Nilimwona anafikiri kweli. Nilimkanyaga mguu kwa nguvu zangu zote.

"Naomba muda," akasema.

Wakampa mpaka kesho yake. Bahiat akarudishwa stoo, na alipopita mbele yetu akasema, "Si nilikwambia?"

Njia nzima nilimsema. Nilimwambia, "Unaingia kwa watu unawaambia hamna akili, halafu unawaomba hukumu. Ungewatukania na mama zao kabisa." Nilimwambia kuwa mtoto akienda gerezani mie sirudi Moroni, atakaanga vitumbua peke yake. Mengine siyarudii hapa. Alinisikiliza yote, na tulipofika akanitafutia mkeka, akaniletea chai, akasema, "Uliyosema ya mwanzo yalikuwa kweli, Koultoumi. Yale ya mwisho ulikuwa umechoka tu." Utamfanya nini mtu kama huyo? Nikanywa chai.

Yeye akachukua kikombe chake akaenda kukaa ndani ya ile nyumba isiyokwisha, katikati ya majani, na mbuzi wa jirani wakimtazama. Alikaa mpaka nikamfuata. Alikuwa anaangalia juu, mbingu tupu.

"Mama Rahamatou," akaita, "nyumba hii ilianzwa lini?"

"Alipozaliwa Bahiat, lini tena?" akajibu mama mkubwa kutoka dirishani, kama aliyeulizwa jua linatokea wapi.

"Na kuezeka, mnaezeka lini?"

"Mtoto akikaribia kuolewa. Kabla ya hapo anaezekewa nani?"

Sounhadj akanitazama, na nikaona uso wake unafunguka. Nilimpenda mno wakati ule, na majani yamemganda kwenye koti. Sikumwambia. Nilimkung'uta tu.

Kesho yake hakutaja sheria yoyote. Alisimama mbele ya Mouridi, akauliza kwa adabu, "Mheshimiwa hakimu, una dada?"

"Ninaye."

"Nyumba yake imeanzwa?"

"Imeanzwa. Nimebeba mawe yake mwenyewe."

"Imeezekwa?"

"Bado." Mouridi akatabasamu bila kutaka. "Ana miaka tisa."

"Hiyo nyumba ni ya nani?"

"Ni yake."

"Na yeye ni mtu mzima?"

Watu wakacheka, na Mouridi mwenyewe akajizuia. Sounhadj akageuka akawatazama vijana wote waliojaa darasani. "Nani hapa hajabeba jiwe la nyumba ya dada yake?" Hakuna aliyenyoosha mkono. Akasema, "Ndugu Kamardine ametuambia mwenye nyumba ni mtu mzima. Katika mji huu msichana anakuwa mwenye nyumba kabla hajaota meno. Kwa hiyo nyumba haitwambii kuwa amekua. Paa ndilo linalotwambia. Cheti chake kimeungua, lakini twendeni Hombo mkaone. Nyumba yake ina kuta, haina paa. Wakubwa wake walikuwa bado wanamhesabu mtoto."

Kamardine akaruka. "Mabati yapo. Walikuwa tayari kuezeka."

Roho ilinitoka, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa shimo katika hoja yake, na najua mume wangu hazungushi maneno.

"Mabati yapo," akasema Sounhadj. "Baba aliyaleta mapema, kwa kuwa mshahara ulikuwepo na nafasi melini ilikuwepo. Lakini hakuezeka. Aliyaegemeza ukutani akarudi kazini. Mwenye kujua lini mtoto wake atakuwa mkubwa alikuwa yeye, na akaona bado."

Wakaenda kweli, mahakimu wote, na nusu ya darasa nyuma yao. Wakaingia ndani ya zile kuta, wakakanyaga majani, mmoja akainua uso kuangalia mahali ambapo paa lingekuwa. Ilikuwa kana kwamba kila mmoja yuko ndani ya nyumba ya dada yake. Kamardine mwenyewe alishika ukuta kwa mkono wake mzima akasema mawe yamepangwa vizuri.

Tuliporudi skuli, Mouridi akasoma hukumu. "Mahakama ya wananchi imeona mshitakiwa ni mtoto. Hatafungwa. Arudi kwa bibi yake."

Nilimshika mama Rahamatou mkono. Sounhadj akafumba macho. Ndiyo ilikuwa kesi ya kwanza ya maisha yake, na alikuwa ameshinda.

Mouridi hakuwa amemaliza. "Na kwa kuwa ni mtoto," akaendelea, "nyumba yake haihitaji paa kwa sasa. Hilo limesemwa na mtetezi wake mwenyewe. Mudiria inahitaji leo. Mabati yachukuliwe. Akikua, Mapinduzi yatampa mengine."

Walikuwa wamechukua maneno ya mume wangu yale yale.

Bahiat akasimama. Dawati likainuka naye kidogo, kwa vile lilimbana. "Basi mimi si mtoto," akasema. "Nifungeni."

"Unajua unachosema?" akauliza Mouridi. Alikuwa amebadilika sauti. "Ukisema hivyo, gari la gereza liko nje, nitalazimika."

"Mimi si mtoto. Mabati ni yangu."

Walinzi wawili wakasogea kutoka mlangoni. Mie ndiye mwenye ulimi katika nyumba yetu, lakini Sounhadj ndiye aliyekwenda. Alipiga goti mbele ya dawati, goti lenyewe bovu, likalia mpaka tukalisikia.

"Bahiat mwanangu, baba yako hakuwa na shida na mabati. Alikuwa na shida usinyeshewe. Ukilala gerezani, yatamfunika nani?"

Bahiat akamjibu polepole, na darasa zima likasikia. "Hakuna aliyetuletea maiti. Wenzangu wana kaburi, wanakwenda Ijumaa wanamsomea baba yao Fatiha. Mimi nina yale mabati. Huwa nayasomea yale."

Mama Rahamatou akajifunika uso kwa shiromani. Hakuna aliyemkataza. Hata yeye aliyekaa naye hakuwa amejua. Alidhani mtoto anapenda kusimama pale ukutani kwa ajili ya kivuli.

Sounhadj akayakubali kwa kichwa, mara kadhaa, kama anayeandika. Kisha akasema, "Baba yako sijui ningemwambia nini kama ningerudi kwake na mabati, nikakuacha wewe. Nisaidie. Naomba unikubalie nikurudishe nyumbani."

Bahiat akamtazama. Uso wake ukaanza kulegea, kidevu kwanza, na ule ukubwa wote aliokuwa ameuvaa ukamtoka pale pale mbele ya watu, akawa ni wa miaka kumi na minne, labda na chini ya hapo.

"Andika mimi ni mtoto," akamwambia Mouridi.

Mouridi akaandika. Hakumtazama mtu.

Walikuja kuyachukua mabati alasiri. Mie nilisema abaki ndani, mtoto akakataa, akatoka kusimama kwenye ngazi ya mlango, katikati yangu na Sounhadj, mkono wake ndani ya mkono wangu. Waliyabeba mabegani, wakubwa kwa wadogo wamejipanga upande huu na huu, Mouridi mbele, wakapandisha barabara ya Patsy polepole kwa ule uzito. Bahiat akanyofoa mkono wake. Nikadhani anataka kukimbia, nikamshika bega. Aliinua viganja vyote viwili mbele ya uso wake, akaanza kusoma Fatiha kwa sauti, ya baba yake, mpaka mwisho bila kukosea neno. Wale vijana walisimama na mzigo wao. Alipomaliza, mume wangu akaitikia amin, na mie nikaitikia, na Mouridi, bega lake likiwa chini ya bati la mbele, akaitikia naye.